Unene wa Kuta za Mirija ya Hewa katika Picha ya Eksirei ya Kifua: Maana na Mipaka ya Dalili

Sehemu hii inafafanua dalili ya unene wa kuta za mirija ya hewa, jinsi inavyotokea, na mipaka ya matumizi yake katika utambuzi wa maradhi.

Katika hali ya kawaida, kuta za mirija ya hewa ni nyembamba kiasi kwamba hazionekani katika picha ya eksirei, isipokuwa karibu na mzizi wa pafu. Hapo, mrija unaoelekea mbele huonekana kama pete yenye ukingo mwembamba, ikiandamana na doa jeupe la ateri lenye ukubwa unaokaribiana nayo. Ukuta unaponenepa, ukingo wa pete hiyo huwa mpana na wenye ukungu. Mrija unapoonekana kwa ubavu, kuta zake hujitokeza kama mistari miwili sambamba mfano wa reli.

Unene huo una asili mbili kuu. Ya kwanza ni uvimbe wa ukuta wenyewe, kama katika pumu, mkamba sugu na maambukizi ya virusi kwa watoto wachanga. Ya pili ni maji yanayojikusanya katika tishu inayouzunguka mrija, hasa moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo. Katika hali hii ya pili, dalili huambatana na moyo uliotanuka, maji katika utando wa mapafu, na mistari ya Kerley aina ya B, ambayo ni mifupi, ya mlalo, na hufika ukingoni mwa pafu. Aidha, maji yakipungua kwa matibabu, pete hurudia wembamba wake. Kwa hiyo kulinganisha na picha ya awali kuna thamani kubwa.

Ugumu hudhihirika zaidi kwa watoto. Picha iliyopigwa mtoto akitoa pumzi husonganisha mishipa na mirija, na msomaji anaweza kudhani kuta zimenenepa ilhali ni salama. Vilevile, hakuna kipimo kimoja cha unene kinachokubalika katika picha ya kawaida, hivyo wasomaji wawili wanaweza kutofautiana juu ya picha ileile. Ndiyo maana vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2001, vilivyoandaliwa kwa ajili ya tafiti za chanjo, vilitenganisha dalili hii na mgando mzito wa pafu unaohesabiwa kuwa kielelezo cha nimonia ya bakteria.

Utenganisho huo una athari kitabibu. Anayeichukulia kila pete nene kuwa nimonia ya bakteria humpa mtoto antibiotiki asizozihitaji, na huenda akapitwa na pumu au ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo, dalili hii isomwe pamoja na historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili na ubora wa picha. Peke yake haitoshi kutaja ugonjwa.