UMAKINI HUPIMWAJE?

Mimi hapa Chechelesi nina jambo. Ndugu yangu mdogo, aliye gredi ya tano, huambiwa darasani kwamba ni mzembe, eti akili yake iko malishoni. Miaka mitatu iliyopita, baada ya mvua, aliugua malaria kali hata akapoteza fahamu. Alipona, tukamshukuru Mungu. Lakini tangu hapo, ukimtuma vitu vitatu dukani huleta kimoja. Je, huo ni uzembe ama ni ugonjwa? Swali hili ndilo lililonifanya nisome jinsi wanasaikolojia wanavyopima umakini.

Kwanza, umakini si kitu kimoja. Mwaka wa 1990 Michael Posner na Steven Petersen wa Marekani walieleza kwamba ubongo una mitandao mitatu ya umakini. Wa kwanza ni wa kukaa chonjo, kama mchungaji anayemngojea fisi usiku. Wa pili ni wa kuelekeza akili mahali fulani: mbuzi akilia kichakani, unageukia huko. Wa tatu ni wa kuamua mambo yanapogongana. Mwalimu anafundisha hesabu, nje matatu inapiga honi, nawe unachagua hesabu. (Au sivyo?)

Mwaka wa 2002 Jin Fan, Posner na wenzao walitoa jaribio moja la kupima mitandao yote mitatu kwa muda wa nusu saa hivi. Mtu huketi mbele ya kompyuta. Mishale mitano hutokea kwa mstari, naye hubonyeza kitufe kuonyesha ule wa katikati unaelekea kushoto au kulia. Mara yote huelekea upande mmoja, na kazi huwa rahisi. Mara ile ya kando hupingana na wa katikati, na hapo mtu husitasita. Pengine alama ya nyota hutangulia kumwonya kwamba mishale yaja, au kumwonyesha itatokea juu au chini.

Baada ya hapo ni hesabu ya kutoa tu. Chukua muda wa kujibu mishale inayopingana, utoe muda wa ile inayokubaliana, utapata kipimo cha mtandao wa tatu. Kwa watu wazima 40 waliojaribiwa kwanza, tofauti hiyo ilikuwa wastani wa sehemu 84 kati ya 1000 za sekunde moja! Alama za nyota nazo hupima ile mitandao miwili mingine kwa njia hiyo hiyo. Watoto hutengenezewa samaki badala ya mishale.

Uzuri wa kutoa ni kwamba mtu hulinganishwa na nafsi yake, kwa hivyo mwenye vidole vizito haonewi sana. Lakini ugumu huja tukilinganisha kundi na kundi. Mtoto ambaye hajawahi kugusa kompyuta akichelewa, umepima umakini wake ama ugeni wake?

Huko Kampala, Uganda, Michael Boivin, Chandy John, Paul Bangirana na wenzao waliwapima watoto waliougua malaria ya ubongo. Jaribio lao la umakini halikuhitaji kusoma: mraba mdogo ukitokea juu, bonyeza, ukitokea chini, tulia. Tena hawakuwalinganisha na watoto wa Ulaya, bali na watoto wenye afya wa mazingira yale yale. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2008 yalionyesha kwamba miaka miwili baada ya kuugua, zaidi ya robo yao walikuwa na upungufu wa akili, hasa katika umakini. Kati ya wale wenye afya, hawakufika mmoja kwa kila kumi.

Sisemi kwamba kila anayezubaa aliugua malaria. Wengine wetu ni usingizi tu! Hata ndugu yangu bado hajapimwa. Ombi langu kwa walimu ni hili: kabla ya kumwita mtoto mzembe, muulizeni mzazi wake aliwahi kuugua nini. Mketisheni mbele, mpeni agizo moja moja.

Nyumbani mama ameanza hivyo. Humtuma sukari kwanza, akirudi humtuma chumvi. Vyote hufika. Haba na haba hujaza kibaba.