Makala ya mawe ya Luena na njia ya reli

Mtu akitoka Hewa Bora kwenda mjini Lubumbashi, macho yake hukutana na bomba refu la kiwanda cha shaba, na kando yake ule mlima mweusi wa masalio ya mawe yaliyoyeyushwa. Watoto wa katekisimu huuliza: moto wa kuyeyusha mawe yote yale ulitoka wapi? Ni swali jema, na jibu lake liko mbali.

Gari la moshi lilifika mjini mwetu mwaka 1910, likitoka kusini. Mwaka uliofuata Union Minière ikawasha tanuru, nalo likalishwa koke ya Wankie, ambayo leo huitwa Hwange, katika nchi ya Zimbabwe. Reli ilikuwa imefika kule tangu 1903. Tena upana wake ulikuwa mmoja na wa kwetu, milimita 1067. Basi vagoni ilipakiwa kule na kupakuliwa hapa, bila kuhamisha mzigo mpakani Sakania.

Lakini Katanga ina makala yake yenyewe! Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, ilikuwa imekwisha kupita Luena, ambako makala ya mawe yamo ardhini karibu na uso wa udongo, hata yakachimbwa wazi, chini ya jua. Kwa nini basi kuagiza ya mbali? Hapa wengi hukosea, wakidhani makala yote ni mamoja. Yafaayo kwa tanuru la shaba ni yale ambayo, ukiyapika mahali palipofungwa pasipo hewa, moshi wake hutoka, nayo hushikamana kuwa mabonge magumu: ndiyo koke. Bonge la namna hii huchukua uzito wa mawe juu yake bila kusagika, na upepo hupenya katikati. Makala ya Luena yana majivu mengi, wala hayashikamani. Kuwaka yanawaka, yalifaa kuchomea simenti, na kiwanda cha Lubudi, kilicho kwenye njia ileile, kiliyatumia.

Sasa fanya hesabu. Mpagazi huchukua kilo 30. Vagoni moja ya tani 40 ni mzigo wa watu zaidi ya 1300, na makala ni kitu kizito cha bei ndogo: wapagazi wangekula thamani yake yote kabla ya kufika. Shimo la makala lisilo na reli ni shimo tu, hata kama reli inayokosekana ni ya kilomita chache. Jirani zetu wa Zambia walilijua jambo hili. Rhodesia ilipojitangazia uhuru mwaka 1965, hawakutaka kuitegemea Wankie peke yake. Wakafungua Maamba, na tawi fupi la reli likatoka Choma mpaka Masuku kwa ajili ya makala yale.

Tusisahau wachimbaji wenyewe. Tarehe 6 Juni 1972 shimo moja la Wankie lililipuka, wakafa watu 427. Wengi wao walibaki chini, hawakutolewa kamwe.

Kwetu nguvu ya maji ilikuja kupunguza haja ya makala. Mwadingusha ilianza kutoa umeme mwaka 1930, na mwaka 1952 umeme ukaanza kuvuta treni kati ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na Tenke. Wazee waliendelea kuiita gari la moshi.