Je, Wajua? Makaa Yanayozaliwa Karatasini

Gonga kipande cha makaa ya mgunga kwa kingine, yatalia kama chuma. Wauza makaa wa pwani wanaijua sauti hiyo, na wanunuzi wa nchi za Kiarabu za Ghuba wanaijua zaidi. Makaa ya mti mgumu hayaishi upesi: mishkaki itaiva, shisha itabadilishwa kichwa, na bado jivu litakuwa na moto ndani.

Je, wajua kwamba Falme za Kiarabu, nchi isiyofika hata kilomita za mraba 84,000 na iliyokalia bahari ya mafuta, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa soko kuu la makaa ya miti ya Somalia? Si kwamba wamekosa gesi ya kupikia. Kinachotafutwa ni nyama yenye harufu ya moshi, shisha, na udi. Vyetezo vya umeme vipo madukani, lakini mwulize bibi yeyote mwenye kujua udi atakwambia havina ladha.

Je, wajua kwa nini makaa huvuka bahari na kuni hubaki kijijini? Kilo moja ya makaa ina nishati ya megajuli 30 hivi, na kuni iliyokauka kwa hewa ina kama nusu yake. Mwenye jahazi anajua hesabu hiyo hata kama hajawahi kusikia neno megajuli. Ila tanuri la udongo lina ulafi wake: kupata kilo 1 ya makaa hula kilo 5 mpaka 10 za mti. Kwa hiyo gunia la kilo 25 linalopakiwa bandari ya Kismayu, Somalia, limeacha nyuma visiki vya kilo 125, pengine 250.

Tarehe 22 Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2036. Lilipiga marufuku Somalia kuuza makaa nje, na likazitaka nchi zote zisiyanunue, kwa kuwa waasi wa Al-Shabaab walikuwa wakijitajirisha kwa kuyatoza ushuru bandarini na vizuizini. Mwaka huohuo, Septemba ilipokuwa ikiisha, majeshi ya Kenya na wanamgambo wa Kisomali waliingia Kismayu. Huko walikuta makaa yamerundikwa kama vilima. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walikadiria magunia milioni 4 hivi. Marufuku au si marufuku, yakaendelea kupakiwa.

Hapa ndipo takwimu za biashara zinapochekesha. Forodha huandika kile karatasi inachosema, na karatasi yenyewe ni cheti cha uasilia, kinachotaja nchi bidhaa ilikotoka. Baada ya 2012 makaa yaliendelea kuingia Ghuba, lakini jina la Somalia lilififia kwenye vyeti. Badala yake yakajitokeza majina kama Ghana, Côte d'Ivoire na, ajabu ya mwaka, Komoro. Visiwa vya Komoro ukiviunganisha vyote vitatu havifiki kilomita za mraba 1,900. Huko kuni zinagombewa na jiko la nyumbani na mitambo ya kukenekea mafuta ya mlangilangi, ambako maua huchemshwa kwa moto wa kuni kwa saa nyingi. Mahali kama hapo patatoa wapi shehena baada ya shehena za makaa? Wachunguzi waligundua vyeti hivyo ni vya uongo. Lakini anayesoma jedwali tu, bila kujua Komoro ikoje, angeweza kuandika ripoti nzuri kabisa kuhusu kukua kwa biashara ya makaa ya visiwa hivyo.

Oktoba 2014 Baraza likaruhusu meli za kivita zisimamishe na kupekua vyombo vinavyoshukiwa. Wafanyabiashara nao wakatafuta mlango mwingine. Ripoti ya wachunguzi ya 2018 ilieleza safari yenye kituo cha kati: magunia ya rangi ya bluu na kijani hushushwa visiwa vya Kish na Qeshm, Iran, makaa humwagwa katika magunia meupe yaliyoandikwa kwamba ni bidhaa ya Iran, kisha hupanda majahazi madogo hadi bandari ya Al Hamriya, Dubai. Gunia limebadilishwa, mti ni uleule. Mwaka huo Al-Shabaab walikadiriwa kupata walau dola milioni 7.5 kutokana na makaa hayo.

Mtakwimu mjanja ana dawa yake: huchukua daftari la muuzaji na la mnunuzi, akayaweka ubavu kwa ubavu kama mtu na kioo. Mnunuzi akisema amepokea na muuzaji hajui habari, kuna jambo.

Je, wajua kwamba makaa yana namba yake ya forodha duniani kote, 4402, na kwamba tangu 2022 makaa ya vifuu vya nazi na maganda mengine ya namna hiyo yametengewa kifungu chake? Wavuta shisha wengi sasa hupendelea vidonge vya kifuu vinavyotoka Indonesia.

Na makaa ni abiria mkorofi. Yakipakiwa kabla hayajapoa vizuri huweza kujipasha moto yenyewe, bila kiberiti. Kuanzia 1 Januari 2026 kanuni za kimataifa za meli zinataka yatangazwe kuwa mzigo wa hatari, hata yale yaliyokuwa yakisamehewa zamani.

Kabla ya makaa, Ghuba iliagiza boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Majahazi yalizipeleka kwa upepo wa kusi, na wenyeji wa Ghuba waliziita chandal. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Ingia nyumba kongwe ya Kuwait au Bahrain utazame dari: chumba ni kirefu utakavyo, lakini upana wake huishia kwenye mita 3 hivi, kwa sababu hapo ndipo boriti ya mkoko ilipoishia. Cheti cha boriti hizo kiko darini, na hakuna aliyewahi kukighushi.