Kabla Chai Haijapanda Meli

Chai ya Kericho, ya Fort Portal nchini Uganda, ya Mulindi nchini Rwanda na ya Teza nchini Burundi hukutana Mombasa. Mnada wake ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na sasa huuza chai ya nchi kadhaa za Afrika. Tangu 2020, janga la korona lilipofunga kumbi, bei hutajwa kwa kompyuta.

Kiwanda kikishakausha majani na kuyafunga kwenye magunia ya karatasi, kazi yake imekwisha, lakini chai bado haina mnunuzi. Mwenye ghala huipokea, huipima na kuchota sampuli. Dalali huionja: huvuta kijiko kwa kishindo, huizungusha mdomoni, huitema, kisha hukadiria bei na kuiingiza kwenye orodha ya mnada. Wanunuzi nao wana waonjaji wao, wanaojua ipi itapendwa Karachi na ipi Cairo. Bei ikishakubaliwa, huingia wakala wa forodha na makaratasi yake, kampuni ya bima na benki; nyuma yao wapo mwanasheria wa mikataba na mkaguzi wa hesabu.

Hakuna hata mmoja wao aliyepanda mche. Hata hivyo, bila mwonjaji mnunuzi wa Karachi angenunua asichokijua, na bila bima angeogopa kulipia shehena iliyoko baharini.

Huduma hizi zenyewe ni bidhaa ya kuuzwa nje. Kiwanda cha Uganda kinapomlipa dalali au mwenye ghala wa Mombasa, Kenya imeuza huduma kwa jirani, ingawa hakuna mzigo wa Kenya uliovuka mpaka.

Biashara ya namna hiyo ina sheria zake. Mkataba wa kimataifa wa biashara ya huduma, ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, ulianza kutumika mwaka 1995. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilifuata mwaka 2010. Mzigo mpakani hukutana na ushuru. Mhasibu wa Dar es Salaam anayetaka kazi Nairobi hukutana na leseni, vibali na maswali kuhusu vyeti vyake. Ndiyo maana wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi wa ukanda huu wameandikiana makubaliano ya kutambuana.

Rwanda huuza sehemu ya chai yake moja kwa moja kwa wanunuzi wa nje, bila kupitia mnada. Anayeuza hivyo huokoa ada ya mnada, lakini bado ni lazima aonje, apange bei, atafute mnunuzi, aandike mkataba na kukata bima. Tofauti ni kwamba sehemu ya kazi hizo, pamoja na ajira na malipo yake, inaweza kubaki Kigali.