Santuri Inayokosekana Rafuni

Mkusanyaji wa kadi za besiboli kule Marekani huanza kazi akiwa na orodha mkononi. Seti ya Topps ya mwaka 1952 ina kadi 407, kila moja imechapwa nambari yake mgongoni, na anayetaka kadi za timu moja tu anajua tangu siku ya kwanza amebakiza ngapi. Sisi tunaokusanya santuri za muziki wa benga huku Migori na Homa Bay, Kenya, hatuna bahati hiyo. Huku kuitengeneza orodha ndiyo kazi yenyewe, santuri huja baadaye.

Chukua bendi ambayo wengi wetu huanza nayo, ya Daniel Owino Misiani. Alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, Tanzania, ng'ambo kidogo ya mpaka kutoka Muhuru Bay, akapata umaarufu Kenya, na akafariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Bendi ni ile ile, lakini santuri zake ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, zilitoka kwa majina yasiyotulia: Shirati Luo Voice, Shirati Jazz, D.O. 7. Ukitafuta "Shirati Jazz" peke yake, sehemu ya seti itakupita hivi hivi mbele ya macho. Victoria Jazz ya Ochieng Nelly na Collela Mazee inasumbua zaidi, maana ilizaa Victoria Kings na Victoria nyingine kadhaa, na lazima uamue mwenyewe ipi ni timu yako na ipi ni ya jirani. Mimi hufuata sauti ya mwimbaji. Wenzangu wanaofuata jina la bendi tumeshabishana nao sana, na hawajanishawishi.

Kisha kuna lebo. Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyekuja kuwa mbunge, alitoa benga kwa lebo kadhaa, na mojawapo, Sungura, ilisafiri hadi Zimbabwe ikawaachia wenyeji jina la muziki wao. Lebo hupanga nambari kwa jinsi santuri zinavyotoka kiwandani, haiangalii bendi. Hapo ndipo wageni hupotea. Unayo ya 12 na ya 15, unalala ukiota ya 13 na ya 14, kumbe zote mbili ni za bendi nyingine kabisa. Pengo katika nambari si lazima liwe pengo katika seti yako. Dawa ni kuandika kila nambari unayoiona, hata ya santuri usiyoitaka, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha pale pasipo na kitu cha kutafuta. Ikague pia ile nafasi laini kati ya mifereji ya sauti na karatasi ya katikati: kuna herufi na nambari zilizochongwa kiwandani. Karatasi hubandikwa kimakosa mara nyingine, lakini mchongo haubanduki.

Zinapatikana wapi? Kaunti hizi mbili zilikuwa wilaya moja, South Nyanza, na santuri hazikujua mpaka wowote. Zilizotoka kwenye baa mara nyingi zimetobolewa tundu kubwa katikati ili ziingie kwenye mashine ya kuchezea kwa sarafu. Za nyumbani zina tundu dogo na jina la mwenyewe kwa kalamu ya wino. Benga husifu watu kwa majina, na nyumba ambayo babu ametajwa ndani ya wimbo haiuzi. Bibi mmoja upande wa Rongo aliniambia, "Mwanangu, huyo ni mzee wangu anaitwa humo, nitamuuzaje?" Nilinakili nambari, nikanywa chai, nikaenda. Kwenye orodha yangu santuri ile ina alama ya kuwa ipo, ingawa rafuni haipo.

Juu ya kuzitunza sina mengi. Joto la mabati huzipinda, kwa hiyo zisimame wima mbali na paa. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukifuata mzunguko, bila kulowesha karatasi. Ila zile nzito za zamani za mizunguko 78 usizifikishie spiriti hata tone: zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu ambao spiriti huuyeyusha.

Jambo la mwisho ni upande B. Upande mmoja haukutosha wimbo wa benga, basi uliandikwa sehemu ya kwanza na ya pili, na ya pili ndiyo yenye magitaa yaliyoachiwa yakimbie. Kwa hiyo kwenye santuri nyingi ninazookota upande A unang'aa na upande B umelimwa na sindano za walevi wa miaka ya sabini. Mkusanyaji wa kadi angeitupa. Mimi huiweka, nikangoja nyingine yenye B nzuri, hata kama A yake ina mikwaruzo, kisha nikaziingiza zote mbili kwenye bahasha moja na kuzihesabu kuwa santuri moja.