Punje Zilizoungua Zatoa Habari za Pemba ya Kale

Watu wengi hudhani ya kuwa elimu ya mambo ya kale ni kazi ya kutafuta dhahabu na majumba ya wafalme tu. Lakini katika kisiwa cha Pemba wataalamu wamejifunza mengi kutokana na kitu ambacho mama wa Kakamega hukifagia jikoni pamoja na majivu, yaani punje ya nafaka iliyoungua.

Mwanzoni mwa karne ya 21, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher kutoka Marekani walichimba kaskazini ya Pemba, huko Tumbe na Chwaka, mahali pawili palipo jirani. Tumbe ilikaliwa na watu wengi kati ya karne ya 7 na ya 10, nao walijenga nyumba za miti na udongo. Mji wa Chwaka ulistawi baadaye, tangu karne ya 11 hata karibu na mwaka 1500, ukawa na msikiti wa mawe.

Mbegu ya kawaida huoza ardhini, bali iliyogeuka mkaa haiozi, wala haibunguliwi na wadudu. Basi udongo uliochimbwa hutiwa majini. Mchanga huzama, mkaa huelea. Mkaa huo hukingwa kwa kitambaa, huanikwa, kisha punje hutazamwa moja moja kwa hadubini. Kazi hiyo ilifanywa na Sarah Walshaw.

Ilionekana ya kuwa watu wa Tumbe walitegemea zaidi uwele, nafaka ya Afrika inayostahimili ukame. Mpunga, uliotoka Asia kwa njia ya bahari, ulikuwako kidogo tu. Huko Chwaka mambo yaligeuka, mpunga ukawa ndio nafaka kuu.

Je, sababu ni nini? Kisiwa kilikuwa kile kile, chenye mvua nyingi na mabonde yashikayo maji. Mpunga una kazi nyingi kuliko uwele. Wachunguzi huona ya kuwa watu waliuchagua kwa kuwa ulikuwa chakula cha heshima, cha karamu na cha wageni.

Mkulima wa Kakamega ataelewa. Zamani ugali wa huku ulikuwa wa wimbi na mtama. Katika karne ya 20 mahindi yalishika mahali pake. Badiliko hilo nalo limeandikwa katika majivu ya meko ya kale.

Lakini maandiko ya namna hii husomeka mara moja tu. Udongo ukivurugwa, tabaka la juu likichanganyika na la chini, habari zake zimepotea milele. Kwa hiyo, jembe likifukua vigae vya kale au majivu yaliyofunikwa chini sana, yafaa kuviacha mahali pake na kuwaarifu Makumbusho ya Taifa, kama iagizavyo sheria ya Kenya ya mwaka 2006.