Mkono wa Kijana na Mizani ya Kasi

Katika besiboli, mchezo ambao Wamarekani wameulea kwa zaidi ya karne nzima, na ambao mwaka 2012 uliwafikisha watoto wa Lugazi, Uganda, kwenye mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18.44 kutoka kwenye kibao cha mpigaji. Umbali huo haujabadilika tangu 1893, na mpira wa kilomita 145 kwa saa huukata kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Basi si ajabu kwamba, tangu miaka ya 1970, chombo kile cha rada ambacho kwetu askari wa barabarani hukishika na watu hukiita tochi kilipoingia viwanjani, watafutaji wa vipaji wameitazama tarakimu yake kama hukumu ya kadhi.

Lakini tarakimu hiyo ni shahidi wa kuhojiwa kwanza. Mpira hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya kasi yake njiani, kwa sababu ya ukinzani wa hewa, na kwa hiyo chombo kinachoudaka ukitoka mkononi na kingine kinachoudaka karibu na kibao vitatoa habari mbili zilizo tafauti, ilhali mkono ni ule ule. Nikiambiwa kwamba kijana wa miaka 17 amerusha kilomita 145, hamu yangu ni kujua amerusha katika kipindi gani, baada ya mipira mingapi, na baada ya siku ngapi za mapumziko. Kijana anayefika 145 katika mipira kumi ya kwanza, mbele ya wageni waliokuja kumtazama, kisha akashuka hadi 135 kabla ya kipindi cha tano, kwangu mimi ni mrushaji wa 135 aliyebahatika kuwa na asubuhi njema.

Hapa ndipo ilipo tafauti ya mrushaji wa kuanza na mrushaji wa kupokea. Wa kupokea huingia mchezo ukiwa umekwisha iva, akatumia nguvu zake zote kwa kipindi kimoja, na aghalabu haonani na mpigaji yule yule mara ya pili. Wa kuanza hukutana na wapigaji tisa wale wale mara mbili au tatu, nao kila mara wanamfahamu zaidi. Kwa huyu kasi peke yake haitoshi: sharti awe na mipira ya aina tatu iliyo tafauti kwa tabia, aiweke atakapo, na mwendo wa mwili wake uwe ule ule kutoka mpira wa kwanza hadi wa tisini, ili mpigaji asisome bega wala kiwiko.

Kosa la kukadiria kwa umbo lina mfano mashuhuri. Pedro Martínez, kijana wa Jamhuri ya Dominika, hakuzidi kimo cha mita 1.80, na katika timu ya Dodgers ya Los Angeles kocha mkuu Tommy Lasorda aliamini kwamba mwili ule mwembamba hauwezi kustahimili kazi ya kuanza. Mwaka 1993 alicheza mechi 65, na katika hizo alianza mbili tu. Mwisho wa mwaka akabadilishwa kwa Delino DeShields wa Montreal. Montreal walimpa kile alichonyimwa. Mwaka 1997 alirusha vipindi 241, akawatoa wapigaji 305 kwa kukosa mpira, akatunukiwa Tuzo ya Cy Young, ambayo aliipata tena 1999 na 2000 akiwa Boston. Waliompima mabega hawakuvipa uzito wake vidole vyake virefu na vilaini, ambavyo viliutoa mpira wa polepole kwa mkono uendao mbio sawasawa na wa mpira wa kasi, hata mpigaji akapiga hewa kabla mpira haujawasili.

Kuna jambo lingine linalonitia huzuni kila nionapo mzazi akimhimiza mwanawe kuongeza kilomita mbili kabla ya msimu kuisha. Misuli hupata nguvu kwa mazoezi upesi kuliko kano ndogo inayofunga mfupa wa mkono na wa kigasha upande wa ndani wa kiwiko, na kano hiyo ndiyo hukatika. Mwaka 1974 tabibu Frank Jobe aliitengeneza upya ya mrushaji Tommy John kwa ukano uliotwaliwa mkono wake mwingine, na mgonjwa akarudi akashinda michezo 164 zaidi. Lakini mafanikio hayo yasimfanye mtu aone upasuaji kuwa jambo jepesi. Miongozo ya Marekani humwekea kijana wa miaka 17 au 18 mipaka ya mipira 105 kwa siku, na siku za kupumzika kwa kadiri alivyorusha. Mtu akimdhania kijana kuwa mrushaji wa kuanza wa kesho, aichukue hesabu hiyo kwa uzito ule ule anaoichukua kasi.

Tarehe 11 Oktoba 1999, huko Cleveland, Pedro aliyekuwa ameumia mgongo siku chache kabla aliingia katika kipindi cha nne, pointi zikiwa nane kwa nane. Kasi yake ya kawaida haikuwapo. Akategemea mipira ya kupinda na ile ya polepole, akarusha vipindi sita, na katika vyote sita hakuna mpigaji hata mmoja wa Cleveland aliyefika kituo cha kwanza kwa pigo lake.